Nepi kwenye Kamba ya Mbele

Tulimzika Shangazi Generosa kule Biharamulo, na kesho yake asubuhi, wanawake tukiwa tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai tunachambua mchele, nikaisikia harufu. Ilipita juu ya moshi wa kuni, ikapita juu ya vitunguu vilivyokuwa vinakaangwa, ikanifikia. Labda ilitufikia wote, ila mimi ndiye niliyeijua. Ni harufu ya mkojo wa mtoto uliofuliwa mara nyingi ukakataa kutoka, kali, inachoma pua hadi machoni. Wanawake wakaangaliana. Mmoja akasogeza sinia lake la mchele upande wa pili. Mkwe wangu Jesca, mke wa mwanangu Novati, alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka na mtoto mapajani, nikamwona anavuta kanga polepole kumfunika mtoto kiunoni. Mimi ni mtu mzima, nakaribia miaka hamsini, pale msibani kila kona naitwa mama. Lakini uso uliniwaka kana kwamba harufu ile inatoka kwangu, nikainamia mchele nikawa natoa hata punje nzima nikidhani ni mawe.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala mimba ilinipataje nikiwa kidato cha nne. Hayo yana wenyewe, na wengine bado wako hai. Naanzia pale gari kutoka Ngara liliponishusha Biharamulo na Novati wa miezi miwili mgongoni na sanduku langu la bati la shule mkononi. Mama, kule Murusagamba, alikuwa amesema maneno machache tu: "Nenda kwa shangazi yako ukajifunze kushona. Huku midomo ya watu itakumaliza." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shangazi alinipokea mlangoni, akalipokea sanduku kabla ya mtoto, akatazama barabarani huku na huku, akaniingiza ndani. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba akiwa ameshafunga mlango.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele ndicho alichofanyia kazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kamba ya kutundikia magauni meupe ya kipaimara ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kabla ya kunawa. Cha kati alilala yeye. Cha nyuma tulilala mimi na mtoto, na kwa kuwa nyumba haikuwa na dari, kuta ziliishia njiani, na kila neno lililosemwa kule mbele lilipita juu likaniangukia kitandani. Ndivyo nilivyopata habari, wiki ile ile ya kwanza, kwamba mimi ni mke wa mtu. "Mumewe yuko machimboni, anachimba dhahabu," Shangazi alikuwa anamwambia mteja. "Kazi za huko mnazijua, hata likizo hakuna." Mteja akasema maskini, Mungu amsimamie. Nikabaki nimekaa na mtoto kifuani, najiuliza huyo mume wangu ana sura gani. Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Shangazi alikuwa kiongozi wa jumuiya, mwanamke asiye na mtoto, na wateja wake karibu wote walikuwa watu wa kanisani. Binti wa kaka yake aliyeondoka shule na mimba asingekalishwa mbele ya cherehani yake. Mke wa mchimba dhahabu aliweza.

Sasa nepi. Sikuja na nepi ya dukani hata moja. Nilikuja na mashuka yangu mawili ya shule, meupe yenye mstari wa buluu, yana muhuri mweusi wa shule na jina langu, EDITHA, nililolitarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu, maana bwenini shuka lisilo na jina lilikuwa haliponi. Kila msichana wa shule ile alinunuliwa mashuka ya namna hiyo hiyo, na Biharamulo walikuwepo wazazi wengi waliokwishayanunua. Kwa hiyo nilipoyakata kuwa nepi, nikayaficha. Niliokota vipande vya vitenge vilivyobaki mezani, vya rangi nzuri nzuri, nikaviweka nje, na mashuka yangu nikayakunja ndani tabaka juu ya tabaka, nikazungusha pindo pande zote nne, nikapiga mistari katikati zisitembee. Zilikuwa nene, zinapendeza, unaweza ukadhani ni vikalio vya viti vya sebuleni. Shangazi alizigeuzageuza akasema, "Mkono unao." Yalikuwa maneno yake mazuri ya kwanza kwangu, na nikayala kama mlo.

Mwezi wa kwanza hazikuwa na neno. Wa pili zikaanza. Na ubaya wa harufu ile ni kwamba inakudanganya: nepi ikikauka unaipeleka puani hainuki kitu, unamshukuru Mungu, unamfunga mtoto, unakaa kwenye cherehani naye mgongoni. Mtoto akikojoa tu, ikishika joto la mwili, inafumuka, inanuka fee, chumba kizima. Nilifua kwa sabuni ya mche, ikarudi. Nikaongeza sabuni ya unga mpaka povu likanifika viwikoni, ikarudi kwa nguvu zaidi. Limao nilitia, majivu nilitia, nikazichemsha kwenye sufuria bovu mpaka vitenge vikachuja rangi. Maji tuliyapata kwa foleni, ndoo inabebwa kichwani, basi nilikuwa mkarimu kwa sabuni na mchoyo kwa maji ya kusuuza. Nilijua sabuni ndiyo inayosafisha. Kisha nilizianika chumbani kwangu, kwenye kamba niliyoifunga juu ya kitanda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba na ukuta wa jirani, jua halifiki. Mbele palikuwa na kamba nzuri, ina jua tangu asubuhi, lakini iko kando ya barabara iendayo kanisani, na Shangazi alishasema siku ya kwanza: "Nguo za mtoto mchanga hazianikwi njiani kila mtu akazitazama. Kuna macho mabaya." Nilikubali haraka. Mimi nilikuwa naogopa zaidi macho mazuri, yanayoona vizuri.

Siku moja mama mmoja mnene, mteja wa muda mrefu, alikuja kumpimisha binti yake gauni. Akasimama katikati ya chumba, akanyanyua pua. "Dada Generosa, kuna paka amekojoa humu? Nasikia halufu." Alisema hivyo hivyo, halufu, na mpaka leo nikilisikia neno hilo linatamkwa kwa namna hiyo nageuka. Novati alikuwa mgongoni kwangu, amelala, ameloa. Shangazi hakuniangalia. Akasema, "Ni paka wa jirani, huyo. Nitamfanyia dawa." Yule mama akainama kutazama chini ya meza, akaita pusi, pusi! Binti yake akaniangalia mimi, kisha mgongo wangu, kisha akatazama pembeni kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniumiza. Ningepata shimo ningeingia.

Wiki haikuisha, gauni likarudi. Niliwasikia nikiwa chumbani namnyonyesha mtoto. Mteja alizungumza kwa sauti ya chini, ya upole, ile watu wanayotumia msibani: gauni ni zuri, mshono hauna kasoro, ila limeshika harufu, na mtoto atasimama nalo mbele ya askofu. Shangazi aliomba radhi mara nyingi mno. Mteja alipoondoka alikuja akasimama kwenye pazia la mlango wangu, gauni limening'inia mkononi mwake.

"Editha."

"Abee, Shangazi."

"Nimekuvumilia. Hii ndiyo kazi inayotulisha mimi na wewe. Ikifika Jumapili harufu bado ipo, Jumatatu mtoto anapanda gari kwenda Murusagamba kwa mama yako. Wewe utabaki, ufundi umeshauanza."

"Shangazi, ana miezi mitano. Hata uji hajaonja."

"Ataonja."

Nilimwangalia Novati, alikuwa ameshika kidole changu huku ananyonya, jasho limemtoka puani. Nilijua akienda harudi. Kule akishazoea mgongo wa bibi, mimi nitakuwa dada anayekuja Krismasi na mkate. Na kila atakayeuliza ataambiwa ni mtoto wa mwisho wa mama, na mama atakubali kwa sababu ya aibu yangu. Mawe, mama yangu wee! Nililia siku ile mpaka maziwa yakakataa kushuka.

Uani kwetu alipanga Mama Zaituni, mjane, muuza maandazi, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alikuwa akinitazama nafua kila siku. Kesho yake nikawa nimeinamia beseni, macho yamevimba, akaja na kikombe cha chai ya maziwa na andazi la moto, akaviweka juu ya jiwe. "We mtoto, utaisugua ngozi ya mikono iishe. Hebu nione hilo godoro lako." Akainyanyua nepi moja kwa vidole viwili, ikavuja, ikaendelea kuvuja. "Jamani! Mtoto mdogo hivi unamfunga godoro? Godoro likikojolewa hulifui juu juu, mama yangu, unalifumua!" Akacheka, akarudi kwenye karai lake. Alikuwa ananitania tu. Mimi nilibaki nimeishika nepi ile. Nilikunywa chai, nikaingia ndani, nikachukua wembe.

Kufumua kazi uliyoshona mwenyewe kunauma, fundi yeyote atakwambia. Nilikata pindo upande mmoja, nikavuta. Harufu iliyotoka ilinifanya nigeuze uso. Ndani, mashuka yangu ya shule yalikuwa yamegandana, yana utelezi, sabuni ya miezi yote imelala humo pamoja na mkojo wa miezi yote. Nikatia tabaka moja kwenye beseni la maji matupu, sikuweka sabuni hata chembe, nikalifinya. Povu likatoka. Nikamwaga, nikaweka maji mengine, povu tena. Nikasimama pale nimeduwaa. Nilikuwa namfunga mwanangu sabuni. Basi nikafumua zote, moja baada ya nyingine, nikatupa vitenge, na kwa siku mbili sikufanya jambo lingine ila kubeba maji na kusuuza, mpaka watu wa kwenye foleni wakauliza kama kwetu kuna harusi. Povu lilipokwisha nikazichemsha, nikasuuza tena. Mtoto nilimfunga vipande vya kanga yangu.

Zilikuwa safi sasa, lakini zilikuwa mbichi, na ilikuwa Ijumaa na mvua. Nikazianika chumbani kama kawaida. Jumamosi, mvua. Jioni nikazishika, zimeanza kunuka uvundo, ule wa nguo iliyokaukia gizani, na nikajua kwamba kazi yote itapotea hapo hapo. Zinahitaji jua. Jua liko mbele. Na mbele, vitambaa vile havina tena kitenge cha kuvifunika. Ni mashuka ya shule matupu, vipande vipande, mstari wa buluu, muhuri, herufi nyekundu za jina langu, EDI huku, THA kule. Nikalala nikiomba kesho kuwe na jua, na nikiomba pia kusiwe.

Kulikuwa na jua. Jua lile la baada ya mvua, ardhi inatoa mvuke. Kengele ya misa ya pili ilikuwa bado, lakini barabara ilikuwa imeshaanza kujaa: akina mama wa vitenge vipya, wanaume na mashati yaliyopigwa pasi, wasichana wa shule zile zile. Nilisimama nyuma ya mlango na beseni. Nikasema nisubiri wapite. Nikasema wakishaingia kanisani nitatoka. Lakini wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwani, na nilijua tabia ya mvua za pale, likifika limefika. Novati alilia kule chumbani. Nikatoka.

Nilianika nikiwa nimewapa watu mgongo. Nilisikia hatua zikipungua mwendo nyuma yangu. Nilisikia, "Za asubuhi, Editha," na nikaitikia nzuri bila kugeuka. Kibanio kikaanguka, nikainama kukiokota, na nikiwa nimeinama hapo nikamsikia Shangazi anatoka mlangoni na wenzake watatu wa jumuiya waliokuwa wamempitia. Wakasimama. Mmoja wao alikuwa na binti shule ile ile. Sauti yake naikumbuka, haikuwa hata ya ubaya, ilikuwa ya kushangaa tu: "Generosa, haya si mashuka ya shule? Yale ya mabinti? Na hili jina…" Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Mume wangu wa machimboni alikufa pale pale, mbele ya kamba, hakuna hata aliyemlilia.

Sikuthubutu kuinua uso. Niliviona viatu vya Shangazi tu, vile vyeusi vya Jumapili, vimesimama kwenye tope. Vilikaa hapo muda. Halafu akasema, "Ndiyo, ndiyo yenyewe. Ni nepi za mtoto wetu." Kisha akasema, "Twendeni, tutachelewa misa."

Aliporudi sikujua nimtazame vipi. Nepi zilikuwa zimekauka, ngumu kidogo, nyeupe pepe. Alivua viatu, akavua mkufu, akasema, "Mfunge moja." Nikamfunga. Nikapakua chakula, ugali wa muhogo na maharage, tukakaa sisi wawili na mtoto mkekani katikati yetu, tukamsubiri akojoe. Nani atamaliza mlo kwa hali hiyo? Kila Novati akitulia kidogo tulikuwa tunaacha kutafuna. Akacheka, akavuta kanga ya Shangazi, akaitafuna, wala hana habari. "Mpe maji," Shangazi akasema. "Mtoto huyu ana roho ngumu." Ugali ukapoa. Mwishowe akanyamaza, macho yakasimama, ile sura wanayoifanya, na kitambaa kikaanza kubadilika rangi. Tukangoja kipate joto. Shangazi ndiye aliyemfungua. Akaikunja ile nepi iliyoloa, akaipeleka puani, akavuta pumzi kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameganda. Akavuta tena.

"Huu ni mkojo tu," akasema. "Wa leo."

Akanawa, akarudi akamega ugali uliopoa. Jumatatu hakuna aliyepanda gari.

Ila watu hawakuacha kusema, msidhani. Mwaka ule magauni ya kipaimara yalipungua, mengine yalishonwa kwa mafundi wengine, na jumuiya ilipochagua viongozi walimchagua mwingine. Niliwasikia kwa juu ya ukuta wakimweleza, kwa upole ule ule, kwamba apumzike, amefanya kazi kubwa. Alisema asante. Halafu alikuja akanikuta napiga pasi, akaniambia kola ile nimeipinda, niirudie. Neno la kunilaumu hakuwahi kulitoa, si mwaka ule, si miaka yote iliyofuata, na wakati mwingine natamani angelitoa, nikalilia, likaisha. Nilibeba uso wake wa Jumapili ile, ule ambao sikuuona kwa sababu nilikuwa natazama viatu.

Basi siku ile ya msiba nikaacha mchele, nikanyanyuka. Jesca nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba ile ile, ameinama anaanika nepi kivulini, nyuma ya pipa. Nepi za siku hizi, zina vifungo na mfuko, ndani yake kitambaa kinene. Aliponiona akashtuka, akataka kuzikusanya.

"Mama, samahani. Nafua kila siku, haki ya Mungu, sijui inatoka wapi."

"Unaweka sabuni kiasi gani?"

"Nyingi, Mama. Ya unga. Na ya maji."

"Toa vitambaa vya ndani."

Tukachota maji, sasa yapo bombani pale pale uani, tukavisuuza kwa maji matupu, na povu likatoka, tukamwaga, likatoka. Jesca akalitazama povu lile akashika mdomo. Zilipokuwa safi akazitia kwenye beseni, akaelekea tena kwenye migomba.

"Mbele," nikasema.

"Mama, kule kuna watu. Wanaume wote wako kule. Na baba Paroko amekuja."

"Nawaona."

Alinisihi kwa macho. Akanyonganyonga kanga yake, akasema hawezi, na mimi nikamwelewa kabisa, kwa hiyo nikalichukua beseni. Nilipita katikati ya viti vya wafiwa. Mwanangu Novati, mwanaume mrefu mwenye ndevu, alikuwa amekaa na wenzake, akaniangalia na beseni lile, asijue kitu. Maongezi yakapungua. Uso ukawaka palepale, baada ya miaka yote hii, na nikakosa pa kuangalia. Nikaanika ya kwanza. Mzee mmoja, mama wa jumuiya wa enzi za Shangazi, akauliza kwa sauti ya kizee isiyojua kunong'ona, "Hizo nepi za nani, zinaanikwa msibani?"

Nilijaribu kusema kama alivyosema yeye, sauti imenyooka. Ilitoka ndogo, ikakwama, ikabidi nirudie.

"Za mtoto wetu," nikasema, na nikainama kuchukua ya pili.